Kupita kwenye Ukaguzi wa Mikoba Walt Disney World Ukiwa na Familia Nzima

Familia za Waswahili zinazoishi Marekani, zikipata wageni kutoka nyumbani wakati wa likizo ya shule, aghalabu huishia kuwapeleka Orlando, katika jimbo la Florida, ambako Walt Disney World, mkusanyiko wa bustani za burudani, imekuwa ikipokea wageni tangu Oktoba 1971. Tiketi hununuliwa mapema, hoteli hutafutwa, gari la kutosha watu saba hukodiwa, lakini mikoba haipangwi na mtu. Na mkoba ndio unaotazamwa kwanza, kabla hata tiketi haijaulizwa. Nimewapitisha hapo wageni wangu mara kadhaa, akiwemo mama mkwe wangu aliyepita miaka sabini na wifi yangu mwenye watoto wanne, na nimefikia uamuzi kwamba ukaguzi huo hufanyika usiku wa kuamkia safari, juu ya meza ya hotelini. Asubuhi ni kupita tu.

Kabla ya kueleza namna ya kupanga mizigo, yafaa ujue unachokwenda kukutana nacho, kwa sababu wengi hufuata maelezo waliyopewa na jamaa waliokwenda zamani. Kwa miaka mingi mlinzi alifungua zipu, akachungulia, akakuruhusu. Tarehe 17 Desemba 2015 ziliwekwa mashine za kutambua metali mbele ya malango, na wakati huohuo bunduki za kuchezea zikapigwa marufuku, hata zile zilizokuwa zikiuzwa ndani, pamoja na mavazi ya kujigeuza wahusika wa hadithi kwa kila aliyefikisha umri wa miaka 14, isipokuwa katika sherehe maalumu. Bustani zilipofunguliwa tena Julai 2020 baada ya kufungwa kwa ajili ya Korona, utaratibu ulibadilika kwa mara nyingine, ili walinzi wasilazimike kugusa mali ya kila mgeni.

Mashine za siku hizi ni nguzo mbili zilizosimama kama miimo ya mlango usio na kizingiti cha juu, na mtu hupita katikati kwa mwendo wake wa kawaida, mkoba ukiwa begani, bila kuvua mkanda wala viatu na bila kumwaga sarafu kwenye trei kama ilivyo uwanja wa ndege. Hazitumii miale ya eksirei. Kazi yake ni kutambua vitu vya metali ambavyo umbo na ukubwa wake unafanana na wa silaha, na hapo ndipo penye siri ya foleni nzima: vitu vichache visivyo na kosa lolote vina umbo linaloitia mashine wasiwasi. Mwavuli wa kukunja ndio wa kwanza, kwa kuwa ni fimbo ya chuma yenye mbavu za chuma. Baada yake ni kasha gumu la miwani, pawabenki ya kuchajia simu, na chupa ya chuma ya maji au chai. Vitu hivyo hutolewa mkobani kabla ya kuzifikia nguzo na kubebwa mikononi, mbele ya kifua, mahali ambapo mlinzi anaviona. Mtoto wa wifi yangu, mwenye umri wa miaka minane, alipewa mwavuli wa nyanya yake akaubeba kwa viganja viwili vilivyonyooshwa, kama anayepeleka sinia la kahawa barazani, na mlinzi alimpisha huku akicheka. Mkao ule ndio unaotakiwa.

Kwa hiyo, ukiweza kupunguza vitu vya namna hiyo, punguza. Wakati wa kiangazi mvua ya Florida hunyesha alasiri kwa kishindo na radi, kisha jua likarudi, na mwavuli mmoja hauwafai watu saba hata kidogo. Makoti mepesi ya mvua ya plastiki, ambayo hukunjwa yakawa madogo kama leso ya mkononi, hayaonwi na mashine yoyote. Pawabenki mbili zinatosha familia nzima, mradi zikae katika mkoba wa mtu mmoja anayejua kwamba anazo. Miwani ya jua ikae usoni au katika mfuko wa kitambaa.

Usiku wa kuamkia safari, mimina kila mkoba mezani, na nasema umimine kwa kuugeuza juu chini, kwa maana kuchungulia hakutoshi. Mkoba wa mama una vijifuko ambavyo hata mwenyewe amevisahau. Humo hutoka mkasi wa kushonea, wembe uliofungwa kwa karatasi, kifungulio cha chupa, na ufunguo wenye kisu kidogo cha kukunja ambao ulikuwa zawadi ya duka fulani. Begi la mtoto lililotumika shuleni huwa na bikari yenye ncha. Baba naye ana ile zana ya kukunja yenye koleo na bisibisi ambayo haitoki mfukoni mwake tangu alipoanza kumiliki gari. Yote hayo yabaki hotelini, kwa sababu visu havipiti, viwe vidogo kiasi gani.

Mimi nilijifunza kwa njia ndefu, katika bustani nyingine ya burudani iliyo mbali na Florida. Tulikuwa tumepekua mikoba yote, nikajipongeza. Tulipofika kwenye mashine, watoto wakapita, wifi akapita, na mama mkwe akasimamishwa. Hakuwa na mkoba. Mlinzi alimwomba anyooshe mikono, naye akanyoosha, na hapo nikaona pindo la leso yake limefungwa fundo kubwa kuliko la pesa. Alilifungua taratibu mbele ya watu wote: noti mbili, kipande cha tangawizi, na kisu chake cha kumenyea machungwa, chenye mpini wa mti uliozungushiwa uzi, ambacho amekuwa nacho tangu wajukuu wake wakubwa hawajazaliwa. Mlinzi alieleza kwa adabu kwamba kuna njia mbili tu, kukirudisha garini au kukitupa kwenye pipa. Tulikuwa tumekuja kwa basi la hoteli, gari hatuna. Nilirudi nacho hotelini peke yangu, safari iliyonichukua saa nzima na zaidi, kwa sababu sikuwa na moyo wa kumwambia akitupe. Tangu siku hiyo, pale mezani sipekui mikoba peke yake. Huuliza pia, kwa heshima na kwa mzaha kidogo, kuhusu pindo la leso, mfuko wa ndani wa kanzu na mkoba wa kiunoni. Mzee huulizwa kabla, faraghani, asije akaulizwa hadharani.

Kuhusu vilivyokatazwa, silaha za aina yoyote na vitu vinavyofanana nazo ndivyo vya mwanzo, na hapo huingia bastola za maji za watoto, ambazo wazazi wengi hawazifikirii. Pombe hairuhusiwi kuingizwa kutoka nje, wala bangi, hata kama umetoka katika jimbo ambako sheria inaikubali. Fimbo za kujipigia picha zimekatazwa tangu katikati ya mwaka 2015. Viti vya kukunja, mbao za kuteleza zenye magurudumu, ndege ndogo zisizo na rubani, filimbi, honi na vipaza sauti navyo hubaki nje. Kwa viti vya kukunja usisikitike: leso mbili zilizotandikwa ukingoni mwa barabara wakati wa kungoja gwaride la jioni zinatosha familia, na hakuna mlinzi anayezizuia.

Vyombo vya glasi vina suala lake, na kwetu ndilo hutuponza zaidi kwa sababu ya achari. Chupa ya achari ya ndimu, chupa ya pilipili ya embe na ile ya sharubati iliyotengenezwa nyumbani, zote ni za glasi, na glasi haiingii isipokuwa vile vichupa vidogo vya chakula cha mtoto mchanga. Hamisha achari kwenye kikopo cha plastiki chenye mfuniko wa kukaza, ukizungushie mfuko wa pili. Mabuyu yaliyo katika kopo la bati nayo yahamie kwenye mfuko. Kopo la bati halijakatazwa, ila kopo kubwa la chuma katikati ya mkoba ni kumwita mlinzi kwa jina.

Chakula chenyewe kinaruhusiwa, jambo ambalo wengi hawalijui, nao hulipa fedha nyingi ndani kwa kudhani hawana hiari. Unaweza kuingia na chapati, mahamri, kachori, mayai ya kuchemsha, matunda na biskuti za watoto, ilimradi ni vya kula wenyewe, havihitaji kupashwa moto na havina harufu kali. Sharti hilo la mwisho lisomwe kwa uaminifu: papa mkavu na dagaa wa kukaanga wabaki jikoni. Embe lipelekwe likiwa limemenywa na kukatwakatwa, kwa kuwa kisu cha kulimenyea hutakuwa nacho. Barafu ya vipande na barafu kavu zimekatazwa tangu Mei 2019, kwa hiyo chakula cha kutunzwa baridi kiwekwe pamoja na vile vifurushi vya jeli vinavyogandishwa, au fanya kama nifanyavyo mimi: gandisha chupa mbili za plastiki za maji usiku kucha, ziwekwe chini ya chakula, na kufikia saa sita zimeyeyuka zikawa maji ya kunywa. Usibebe maji ya siku nzima, maana ni mzigo wa bure. Kwenye mikahawa ya ndani yenye kaunta za kuagizia, mgeni akiomba gilasi ya maji ya barafu hupewa bila malipo.

Ukubwa nao una mpaka. Begi au kasha la chakula lisizidi sentimita 61 kwa urefu, 38 kwa upana na 46 kwa kimo, kipimo ambacho begi la kawaida la mgongoni halikifikii, ila sanduku kubwa la safari hukipita. Kigari cha kusukumia mtoto kisizidi sentimita 79 kwa upana na 132 kwa urefu. Vigari vingi vya watoto wawili vimo ndani ya kipimo hicho, lakini vile vinavyovutwa kama mkokoteni vimekatazwa kabisa, vya ukubwa wowote. Pima kigari nyumbani kwa futi ya fundi cherehani. Mabishano ya vipimo pale langoni, jua likiwa utosini na mtoto akilia, hayajawahi kumfaidi mzazi.

Dawa zibebwe katika vyombo vyake vya asili vyenye jina la mgonjwa, na mwenye kisukari abebe insulini na sindano zake zikiwa pamoja katika mfuko mmoja, ambao atautoa mwenyewe mapema na kumwonyesha mlinzi. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo amweleze mlinzi kabla ya kuzikaribia nguzo, naye ataelekezwa pa kupita. Kama mzee huyo hajui Kiingereza, andika maelezo hayo kwenye kadi aishike mkononi.

Sasa asubuhi yenyewe. Ukienda Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Walt Disney World, kwa gari lako, fahamu kwamba hufiki langoni moja kwa moja. Utaegesha katika uwanja mpana uliogawanywa kwa majina ya wahusika wa filamu, na mojawapo ya sehemu hizo huitwa Simba, jina ambalo watoto wetu hawalisahau jioni mkitafuta gari. Kutoka hapo mnakwenda kwenye kituo kikubwa cha usafiri, na ukaguzi wa mikoba hufanyika hapo, ng'ambo ya ziwa, kabla ya kupanda kivuko au treni ya reli moja. Waliolala katika hoteli zilizo kwenye njia ya treni hiyo hukaguliwa katika kituo cha hoteli yao, na waliokuja kwa basi hukaguliwa karibu na lango lenyewe. Faida ya mpangilio huu kwa mwenye gari ni kwamba akikutwa na kitu kisichoruhusiwa, gari bado liko karibu. Aliyekuja kwa basi hana pa kurudisha, na kwa sababu hiyo upekuzi wake wa usiku uwe mkali mara mbili.

Fika mapema, yapata saa moja kabla ya kufunguliwa, kwa sababu umati mkubwa huwa katika dakika za mwisho kabla ya malango kufunguliwa. Kabla ya kuingia kwenye foleni, simama pembeni na familia yako ujipange. Mimi huweka mtu mzima mmoja mbele, watoto katikati kwa ukubwa wao, kisha mzee na anayemtafsiria, na nyuma kabisa mtu mzima mwingine mwenye mkoba mkubwa kuliko yote. Mpango huu una sababu. Mtu wa mbele akishapita huwa yuko upande wa pili kuwapokea watoto. Mwenye mkoba mkubwa akizuiliwa, hakuna mtoto aliyebaki nyuma yake. Kosa nililoliona mara nyingi ni baba na mama kutangulia wote wawili na kuwaacha watoto wapite wenyewe, au wote wawili kubaki nyuma wakipekuliwa huku mtoto wa miaka mitano akiyoyomea kwenye kivuko. Kubalianeni pia mahali pa kukutana mnapopaona kwa macho, kama vile nguzo fulani ya taa, badala ya kusema tu kwamba mtakutana upande wa pili.

Watoto waambiwe mambo mawili kabla. La kwanza, neno bomu na neno bunduki hayatamkwi pale, kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza, hata kwa utani, kwani mlinzi hana ruhusa ya kulichukulia kama utani. La pili ni kwamba wataona mbwa. Mbwa wa ulinzi hutembezwa na askari wao karibu na foleni, wakinusa hewa inayoachwa na wapitaji. Hawabweki wala hawarukii watu. Asiguswe, asiitwe, asipewe mahamri. Kwa wageni wetu wanaochelea kuguswa na mbwa kwa sababu ya udhu, yatosha kutulia na kuendelea kutembea, kwa kuwa kumkimbia ndiko humvutia.

Mavazi yetu hayana tatizo. Baibui, hijabu, dera na kanzu hupita kila siku, ila kanuni za bustani zinasema wazi kwamba aliyevaa nguo za tabaka nyingi anaweza kukaguliwa zaidi. Mwanamke akitakiwa kukaguliwa kwa mkono, anaweza kuomba mlinzi mwanamke, na aombe kwa sauti ya kawaida, bila kuona haya. Bangili nyingi za dhahabu alizovaa bibi harusi wa juzi zinaweza kuachwa hotelini katika kisanduku chenye kufuli, na hilo nalisema kwa ajili ya usalama wa dhahabu kuliko kwa ajili ya mashine.

Ikitokea umeelekezwa mezani, usidhani umeshukiwa. Skrini ya mlinzi humwonyesha sehemu ya mwili au ya mkoba iliyoleta alama, naye anatafuta kitu kimoja tu. Weka mkoba mezani, fungua zipu akikuambia, kisha ondoa mikono. Kuingiza mkono haraka ili kumsaidia humfanya aanze upya. Kama unajua kinachosababisha, kitaje: chupa ya chai iko chini, upande wa kushoto. Ndiyo maana mkoba wa nepi hupangwa kwa mifuko ya plastiki inayoonyesha ndani, nguo za kubadilisha katika mmoja, maziwa na chupa katika wa pili, nepi na sabuni katika wa tatu. Mlinzi huinua mifuko mitatu, akaona kila kitu, akairudisha, na kazi imekwisha kabla mtoto hajachoka kubebwa. Zawadi ya siku ya kuzaliwa isifungwe kwa karatasi ya mapambo, kwani ikitakiwa kufunguliwa itachanwa hapohapo mbele ya mwenyewe. Karatasi ipeleke ikiwa imekunjwa, ukaifunge ndani.

Wengi huunganisha safari hiyo na siku moja ya Universal, kampuni nyingine yenye bustani za burudani Orlando hiyohiyo, na huko wasitarajie utaratibu uleule. Ukaguzi wa bustani zake za mwanzo uko kwenye jengo la maegesho, na kwa miaka mingi umefanana na wa uwanja wa ndege, yaani mkoba hulazwa kwenye mkanda wa eksirei na mtu akapita kwenye fremu ya metali. Huko kibegi kimoja kidogo cha kiunoni ni bora kuliko begi la mgongoni, hasa kwa kuwa baadhi ya michezo mikali ya ndani haikubali mkoba wowote na ina mashine yake ya metali kabla ya kupanda.

Mkitoka mchana kwenda kupumzika, mtakaguliwa tena mnaporudi, na vivyo hivyo mkihama kutoka bustani moja kwenda nyingine. Wakati huo mkoba umeshavurugika: mwavuli umerudi chini, chupa ya chuma imejazwa, na mtoto ana kidude cha chuma alichonunuliwa. Chukueni dakika tano chini ya kivuli kuurudisha kama ulivyokuwa asubuhi. Na kama kesho yake mnakwenda Animal Kingdom, bustani ya Disney yenye wanyama hai, usiku huo ondoeni mirija ya plastiki iliyobandikwa kwenye pakiti za maji ya matunda, maana huko mirija na maputo vimekatazwa kwa ajili ya wanyama, na puto alilonunuliwa mtoto leo lifungwe kwenye kiti cha hotelini mbele ya macho yake, aelezwe kwamba litamngoja hadi jioni.